Kupikiwa, Kujipikia, Kupikiana

Liko lalamiko moja ambalo siku hizi husikika katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Jambiani na Paje hadi Matemwe, nalo lamhusu mgeni anayejipikia. Mgeni, husema walalamikaji, hapo zamani alikuja akala hotelini au mkahawani, akamwachia mpishi mshahara na mhudumu bakshishi. Sasa hupanga nyumba yenye jiko na jokofu, hutoka asubuhi na kikapu chake, akanunua changu wawili, nazi, bamia na ndimu, kisha akafunga mlango, akapika, akala, akaosha sahani yake mwenyewe. Bahili huyo! Amekuja kuifaidi bahari yetu, na sisi asitufae kitu.

Shtaka hili si la kulicheka, kwani nyuma yake pana watu wanaotafuta riziki. Lakini si kila shtaka lenye machungu huwa limemkamata mkosa wake. Swali ninalotaka kulitia mizanini katika makala haya ni hili: mtu aendaye kupumzika katika pwani ya wenzake, akaamua kula kwa mikono yake mwenyewe, je, amewanyima wenyeji haki yao? Na kama amewanyima, amewanyima nini hasa: fedha, heshima, au kitu cha tatu?

Mimi sikusomea falsafa wala uchumi. Nilichonacho ni lugha tu, pamoja na mazoea ya kuipima kila siku kwa kuyavusha maneno ya watu kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Na katika shauri hili naona Kiswahili kimekwisha tufanyia nusu ya kazi, kwa sababu kitenzi kimoja, kupika, kimezaa vitenzi vitatu vinavyobeba mafunzo matatu ya maisha: kupikiwa, kujipikia, na kupikiana. Tuvifuate kimoja kimoja.

Kupikiwa ndiko kulikotangulia katika historia ya pwani hii. Mwaka 1331 msafiri wa Kimoroko, Ibn Battuta, alishuka Mogadishu kabla ya kuendelea na safari iliyomfikisha Mombasa na Kilwa. Katika habari alizoziacha ametueleza desturi aliyoikuta bandarini. Jahazi likikaribia, vijana wa mji huliendea kwa vyombo vidogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmojawapo na kutamka kwamba huyu ni mgeni wangu. Mgeni alikula chakula cha mji kabla unyayo wake haujagusa mchanga wa mji. Yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa katika nyumba ya wanafunzi, akaletewa chakula mara tatu kwa siku kwa muda wa siku tatu: wali uliopikwa kwa samli, vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Msomaji wa leo, awe wa Lamu au wa Pemba, akiisoma orodha hiyo hujihisi yuko nyumbani.

Lakini tusiisome habari hiyo kwa macho ya kutamani zamani tu. Ibn Battuta huyohuyo anaeleza kwamba kijana aliyepeleka sahani ndiye aliyekuwa akimuuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia anazohitaji, na biashara iliyofanywa bila ya mwenyeji kuwapo haikuhesabiwa kuwa halali. Kwa maneno mengine, sahani ile ilikuwa mkataba. Wanaosema kwamba fedha ndizo zilizoua ukarimu wetu hawakuiangalia vizuri bandari yetu ya kale. Fedha zilikuwapo tangu hapo. Tofauti ni kwamba sahani ilitangulia, fedha zikafuata, na kati ya viwili hivyo pakakaa mtu mwenye jina na dhima, aliyewajibika kwa mgeni na kwa mji. Hiyo ndiyo maana ninayoiona katika neno la wahenga kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona huko hakukuwa kwa mwenyeji peke yake wala kwa mgeni peke yake.

Kupikiwa kulikuwa na mpaka vilevile. Dini iliyoenea pwani imempa mgeni haki ya siku tatu, kinachozidi hapo kikawa sadaka, wala mgeni hakuruhusiwa kukaa hadi akamtia mwenyeji wake dhikini. Methali nayo ikaja na hesabu yake: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitaja methali hii kwa kicheko, kana kwamba jembe ni fimbo ya kumfukuzia mtu. Mimi naona jembe si tusi. Ukimpa mtu jembe umemtoa katika hali ya kuangaliwa, umemtia katika hali ya kushiriki. Umemwambia: kuanzia leo jasho lako na letu ni moja. Tuliweke jambo hili akilini, tutalirejea.

Sasa tuitazame sura ya leo ya kupikiwa. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni kutoka nje zaidi ya 638,000, ilhali sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakaazi 1,889,773. Yaani kwa kila wenyeji watatu, ndani ya mwaka mmoja alipita mgeni mmoja. Hakuna kijiji duniani kinachoweza kupeleka sahani ya kufunikwa kwa umati kama huo, na si haki kukitaka kifanye hivyo. Ndipo hoteli ikashika nafasi ya kijana wa bandarini. Na hoteli, tuseme kweli, imelisha watu. Mwaka 2020, ndege ziliposita kwa sababu ya maradhi ya korona na milango mingi ya mahoteli ikafungwa, tuliona nyumba ngapi zilikuwa zikipata unga wao kutoka jikoni humo.

Hata hivyo ziko hoteli ambamo mgeni hulipia kila kitu huko kwao kabla hajapanda ndege. Hufungwa utepe mkononi, na kwa utepe huo hula asubuhi, mchana na usiku ndani ya ukuta mmoja hadi siku ya kuondoka. Amepikiwa, naam, lakini amepikiwa na nani? Aliyepika ni binti wa kijiji cha pili, aliyeondoka kwao alfajiri, akamtengenezea mgeni kamba wakubwa ambao yeye hawaonji, kisha jioni akarudi kwao kuwapikia wanawe muhogo na dagaa. Mgeni hakulijua jina lake. Naye hakuwa mwenyeji, alikuwa mwajiriwa. Neno mwenyeji limetokana na mwenye mji, na mwenye mji ndiye awezaye kusema karibu au kutosema. Aliyeajiriwa kusema karibu hawezi kunyamaza bila kupoteza kazi. Hapo kitenzi cha kupikiwa kimebaki na viambishi vyake vyote, ila roho imetoka.

Basi twende kwenye kitenzi cha pili. Je, kujipikia katika pwani ya watu ni jambo geni lililoletwa na wapangaji wa nyumba za ufukweni? La hasha. Wavuvi wetu wamelijua tangu zamani, na wamelipa jina: dago. Kwenda dago ni kuhama na chombo na nyavu kufuata samaki, kupiga kambi katika ufukwe wa wengine au kisiwa kidogo, na kukaa hapo kwa majuma au miezi. Wavuvi wa Unguja na Pemba wamekwenda dago Mafia na Kilwa. Wapemba wamevuka hadi Shimoni, Vanga na Gazi katika pwani ya kusini ya Kenya. Huchukua sufuria zao, unga wao na chumvi yao, hutafuta mafiga matatu, wakajipikia. Hakuna aliyewaita mabahili kwa kuwa hawakula mkahawani.

Kwa nini hawakuitwa hivyo? Kwa sababu dago lilikuwa na adabu zake. Kwanza hodi: hukuweka mafiga yako kabla ya kuwaendea wazee wa diko ukawaambia wewe nani, watoka wapi, na utakaa hadi lini. Pili kitoweo: chombo kikirudi na samaki, sehemu yao ilikwenda kwa wenye diko na kwa kila aliyetia mkono kukivuta pwani, awe mzee, awe mtoto. Tatu kujua msimu: mgeni wa dago alijua bahari ile ina watu wanaoitegemea baada yake, na kwamba mwaka ujao atataka kurudi. Dago lililozivunja adabu hizi, likaja na nyavu za kuharibu au likaondoka bila ya kuaga, lilizua ugomvi, na ugomvi wa namna hiyo haujakoma hadi leo. Lakini ugomvi haukuwa juu ya nani kapika, ulikuwa juu ya adabu. Mgeni wa dago alikuwa mtu aliyelishika jembe lake siku ya kwanza, bila ya kungoja ya tatu.

Kwa kipimo hiki mgeni wa nyumba ya kupanga, mwenye kikapu na jiko la gesi, si kizazi cha hoteli. Ni kizazi cha dago. Na mashtaka dhidi yake yanapaswa kusomwa upya. Kosa lake, ikiwa analo, si kwamba amejipikia. Kosa lake ni kuweka mafiga bila hodi.

Tumtazame akiwa dikoni. Pweza amenadiwa. Kando yake amesimama mama aliyekuja na shilingi za kitoweo cha nyumba nzima, zimekunjwa pembeni mwa kanga. Mgeni anataja bei, na kwa kuwa sarafu ya kwao ina nguvu, bei aliyoitaja kwake ni kama bei ya kikombe cha kahawa. Pweza anakwenda, na mama anageukia fungu la dagaa. Atakayesema soko ni huru na mwenye nguvu apishwe, huyo ameeleza jinsi mambo yanavyokwenda, hajaeleza kama yamekwenda sawa. Na atakayesema kwamba hoteli nazo hununua pweza, tena kwa pakacha zima, amesema kweli. Lakini ipo tofauti moja ambayo kwangu ndiyo kiini cha shauri lote. Mgeni wa hoteli hamwoni mama yule. Mgeni mwenye kikapu amesimama ubavuni pake. Na aliyeona hawezi tena kusema hakuona.

Kuona huzaa dhima. Kujipikia ni njia bora kuliko kupikiwa hotelini, si kwa sababu ni rahisi, wala si kwa sababu fedha hufika moja kwa moja mkononi mwa mvuvi na muuza nazi, ingawa hilo nalo ni jema. Ni bora kwa sababu humfikisha mgeni mahali ambapo chakula chake na chakula cha mwenyeji hugombewa, na hapo ndipo anapoweza kuwa mwema au mbaya kwa hiari yake. Mtu aliyefichwa nyuma ya ukuta hakupewa hata nafasi ya kuchagua.

Achague nini, basi? Adabu za dago zinatosha kumwongoza. Aulize nini kimejaa baharini leo, anunue hicho, asishikilie kilichoadimika. Asiwapokee changu wachanga hata wakiletwa mlangoni. Na kuhusu bei, wengi hudhani wema ni kulipa zaidi, na wengine hudhani ujanja ni kushusha hadi mchuuzi akose hata nauli. Yote mawili ni kukosa adabu, la pili waziwazi, na la kwanza kwa siri, kwani kila ziada atakayoitupa leo kwa mkono wa ukarimu, mama yule ataikuta kesho imekuwa bei. Bei ya haki ni ile anayolipa jirani. Akitaka kutoa zaidi, na atake, ziada hiyo ina mlango wake mwingine, nao si soko.

Kabla ya kuufungua mlango huo sina budi kulisema jambo linalotuhusu sisi wenyewe, tusijefanya wageni wote wawe wa nje. Familia zetu za mjini nazo huenda kupunga upepo pwani siku za sikukuu au mwisho wa juma. Hupakiwa sufuria, mkaa, mchele, viungo, na mbuzi ya nazi. Ukiwauliza watakula wapi, baba hujibu kwa fahari: sisi tunajipikia. Sasa hebu tukitazame kiambishi hicho tu- kwa makini. Kiambishi hicho ni pazia. Ukilifunua utamkuta mtu mmoja, mama au dada mkubwa, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, moshi wa seredani machoni, wakati baba na wana wamo majini. Atachuja tui, atapika, atapakua, ataosha, kisha jua litakuwa limetua. Bahari aliisikia, hakuiingia.

Neno kupumzika lina undugu na pumzi. Mapumziko ni kuirudisha pumzi ya mtu mahali pake. Ikiwa familia nzima imekwenda kuvuta pumzi kwa mapafu ya mtu mmoja, basi kilichofanyika si kujipikia, ni kupikiwa kulikovaa nguo ya kuazima. Na mama huyo yuko katika hali duni kuliko binti wa hotelini, kwa sababu yule walau mwisho wa mwezi huhesabiwa jasho lake. Wavuvi dagoni aghalabu ni wanaume watupu, hupika kwa zamu, na sijasikia kwamba kuna aliyepungukiwa na uanaume wake kwa kusonga ugali. Linalowezekana kwa sababu ya samaki linawezekana kwa sababu ya mke. Kujipikia kusikogawana kazi hakustahili jina hilo.

Tumefika kwenye kitenzi cha tatu. Katika mitaa yetu, kama ilivyo katika vijiji vyetu, kuna safari ndogo ambayo hakuna ramani iliyoichora: safari ya sahani kati ya nyumba na nyumba. Jirani amepika kitu, amekutoa moyoni kwamba nawe uonje, akafunika kwa kawa na kumtuma mtoto. Sheria yake sote tunaijua. Sahani hairudi tupu. Hairudi siku ileile, maana hayo yatakuwa malipo, wala haikai mno, maana huo utakuwa usahaulifu. Itarudi na chochote kilichopikwa kwako, kikiwa kizuri au cha kawaida, hata ikiwa ni vipande viwili vya muhogo wa nazi. Mwezi wa Ramadhani safari hizo huzidi, na mtaa mzima hufuturu kwa mikono ya mtaa mzima. Huko ndiko kupikiana.

Angalieni sasa nani anaweza kuingia katika mzunguko huo. Mgeni wa hoteli hawezi. Hata akipenda, hana chungu. Sahani ikimfikia hana cha kuirudishia ila fedha, na fedha katika sahani ya jirani ni tusi. Mgeni anayejipikia anaweza. Ana moto, ana sufuria, ana kitu cha kwao anachojua kukipika. Akipeleka kwa jirani bakuli la supu ya kwao, ikiwa na ladha ngeni ambayo watoto wataikunjia uso na bibi ataimaliza kwa adabu, amefanya jambo ambalo bakshishi ya mwaka mzima haiwezi kulifanya. Ameacha kuwa mteja. Na sahani ile itarudi na kitu ndani yake, kisha hakuna tena atakayemwita bahili. Huo ndio mlango niliousema: soko lina bei, sahani haina bei, na hekima ni kutovichanganya viwili hivyo.

Naisikia hoja ya kunipinga. Nayadai mengi mno kwa mtu aliyekuja siku saba kupumzika, asiyejua lugha, aliyeonywa kwao asile cha mtu wala asiingie kwa mtu. Kweli, si kila mgeni ataweza, na asiyeweza hana dhambi. Bei ya jirani, kitoweo cha msimu na salamu ya hodi vinamtosha. Lakini hoja hiyo inatugeukia na sisi. Je, ni sisi tunaompelekea sahani ya kwanza? Au tumekwisha zoea kumwita mteja kabla hajashusha mzigo, tukampangia bei yake ya pekee sokoni, tukamtuma mtoto mlangoni pake kuuza shanga wala si kupeleka kitumbua? Mkono mtupu haulambwi, husema wahenga, nasi huitumia methali hiyo dhidi ya mgeni. Haimhusu mgeni peke yake. Anayetaka kupona kwa ujio wa mgeni na awe mwenyeji kwanza.

Basi nikiulizwa tena kama mgeni anayejipikia ametunyima haki yetu, nitajibu kwamba ametunyima ikiwa amefunga mlango, na sisi tumemnyima ikiwa hatukuubisha. Nani ameshika mwiko si neno kubwa. Neno kubwa ni kama kuna sahani iliyotoka, na kama ilirudi ikiwa na kitu.